Kidonda cha mzee hakifungi, kovu la dada halikomi kuota: hizi saitokini zinataka nini?

FundiPancha_Moro

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi mnisaidie, maana nyumbani kwetu sasa hivi kila mtu ni daktari.

Baba yangu ana kisukari cha miaka mingi. Chini ya unyayo wa kulia, pale nyuma ya kidole gumba ambapo mtu hukanyagia akiinua kisigino, ana kidonda tangu kabla ya Ramadhani. Kina duara, upana wake ni kama sarafu ya shilingi mia mbili. Hakimuumi kabisa. Anaenda nacho msikitini, anaenda nacho shambani, anapanda nacho bodaboda. Kinasafishwa, kinafungwa, kinapendeza wiki moja, kisha kinarudi kulekule.

Juzi alipimwa damu wakasema CRP, kipimo cha inflamesheni, iko juu. Shemeji yangu aliyeko Muscat akasoma mtandaoni kwamba vidonda vya namna hii havifungi kwa sababu ya saitokini, yaani kemikali za inflamesheni (ule uvimbe na joto la mwili unapopambana), kwa hiyo dawa ni kuzishusha. Akampigia mama. Mama akaenda duka la dawa, akarudi na vidonge vya dexamethasone. Mzee amevimeza siku chache, anasema anajisikia ana nguvu na hamu ya kula imerudi. Lakini asubuhi mita ya sukari inasoma 17, na kabla ya hapo ilikuwa haivuki 11.

Swali langu la kwanza: ni kweli saitokini ndizo zinazuia kidonda kufunga? La pili, ambalo linanisumbua zaidi: dada yangu alitoboa masikio, na kovu la ndewe moja likaanza kuota. Limeota mpaka sasa ni donge, hereni haivaliki. Baba na binti yake, damu moja. Mmoja nyama inagoma kuota, mwingine inagoma kuacha. Hii inakuwaje?

Mama Gozi

Mwanangu, pole na mzee. Nimestaafu uuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanyia chumba cha kufungia vidonda katika hospitali ya mkoa. Kama kuna dua ya kuondoa dexamethasone kwenye maduka ya dawa, nifundishwe niisome kila alfajiri.

Tuanze na hivyo vidonge, maana vyenyewe haviwezi kusubiri maelezo yangu. Kesho asubuhi mpeleke mzee kwa daktari wake wa kisukari na pakiti mkononi. Dexamethasone ni steroidi, na steroidi hupandisha sukari, ndiyo maana mita imeruka. Hiyo nguvu na hamu ya kula ni tabia ya dawa yenyewe, kidonda hakijapona hata chembe. Kwa kuwa ni siku chache tu, kwa kawaida daktari huzisimamisha moja kwa moja. Angekuwa amemeza zaidi ya wiki tatu ningekwambia msizikatishe ghafla, kwa sababu tezi zinazokaa juu ya figo huwa zimeshaacha kutengeneza homoni yake, na mtu anaweza kuanguka.

Sasa shemeji wa Muscat. Hakusema uongo. Kasoma nusu ukurasa.

Saitokini ni protini ndogo ambazo seli hutoa ili kuambiana jambo. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na kwenye ngozi iliyochanika ndivyo inavyokuwa. Seli zilizoumia na zile za ulinzi zilizo jirani hutoa saitokini ziitwazo intalukini-1 na TNF. Mishipa midogo ya damu ya hapo ikizisikia hutanuka na kuanza kuvuja. Ndiyo maana pakaumia, pakawa pekundu, pakavimba, pakapata joto. Ndani ya saa chache seli nyeupe zinazoitwa nyutrofili zimeshafika kuua bakteria. Siku ya pili au ya tatu zinafuata makrofaji, ambazo ni kubwa zaidi na zina kazi zaidi ya moja. Ujumbe mwingine, intalukini-6, husafiri na damu mpaka kwenye ini, na ini nalo hujibu kwa kutengeneza CRP. Kwa hiyo CRP ya mzee ni jibu la ini tu. Inakwambia mbiu inalia mwilini. Haikwambii inalia wapi, wala kwa nini.

Hapa ndipo shemeji alipofunga simu mapema. Bila mbiu hiyo kidonda hakifungi. Watafiti wamezalisha panya wasio na intalukini-6 kabisa, wakawachana ngozi kidogo, na vidonda vyao vikachukua muda mrefu zaidi kufunga kuliko vya panya wa kawaida. Ukiinyamazisha tangu mwanzo umefukuza hata waliokuja kutengeneza.

Kinachotakiwa ni ilie, ifanye kazi, kisha izimwe. Na huzimwa kwa namna ambayo mimi hainichoshi kuisimulia. Nyutrofili zina maisha mafupi. Zikishapigana hufa palepale, na makrofaji huja kuzila maiti zake. Kule kula ndiko kunakoibadilisha makrofaji yenyewe. Iliyokuwa inatoa TNF inapunguza, inaanza kutoa intalukini-10 inayotuliza, na TGF-beta pamoja na PDGF, zinazoita seli za kutengeneza nyama. Seli hizo, faibroblasti, zinaingia na kushona kolajeni, nyuzi za protini zinazoishikilia ngozi. Mishipa mipya ya damu inachipua. Ukifungua bandeji siku hiyo unaona nyama nyekundu yenye punjepunje, ukiigusa na gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, inatoa damu kidogo. Muuguzi akiona hivyo anatabasamu peke yake.

Kwa baba yako zile makrofaji hazigeuki. Sukari ikiwa juu muda mrefu zinakuwa nzito kula maiti za nyutrofili, kwa hiyo hazipati lile badiliko. Bakteria wamejijengea utando juu ya kidonda ambao dawa ya kumeza haiupenyi vizuri. Tishu iliyokufa bado ipo. Na juu ya yote anakanyaga, na kila hatua inaumiza upya seli zilezile, zinapiga mbiu upya. Nyutrofili zinaendelea kumiminika, na kila zinapofika zinamwaga vimeng'enya vya kuyeyusha: elastase, na vile vya kundi la MMP. Vimeng'enya hivyo havichagui. Vinakata bakteria, vinakata kolajeni iliyoshonwa jana, vinakata hata protini za ujumbe wa kujenga kabla hazijamfikia aliyetumiwa.

Usidhani nakisia. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha jeli ya PDGF, inaitwa becaplermin, ipakwe moja kwa moja kwenye vidonda vya mguu vya kisukari. Watu walidhani kazi imekwisha: kama ujumbe wa kujenga haupo, utie mwenyewe. Kwenye jaribio lake kubwa, baada ya wiki 20 waliofunga kidonda kabisa walikuwa 50 kwa mia, na waliopakwa jeli isiyo na dawa 35 kwa mia. Si haba, lakini si muujiza. Na walipochambua jaribio dogo lililotangulia wakaona vituo vilivyokuwa vikikwangua vidonda mara kwa mara ndivyo vilivyopata matokeo mazuri. Ukimwaga ujumbe juu ya tishu iliyooza na vimeng'enya vimejaa, unalisha vimeng'enya.

Ngoja nikueleze kidonda cha baba yako bila kukiona. Pembeni kina ukingo mweupe, mgumu, mnene: sugu. Ngozi ya kwenye sugu imelowana, na chini ya ukingo kuna mfuko, gozi ikiingia inapotea. Ukibonyeza pembeni yanatoka maji ya njano hafifu. Yeye anakuangalia tu, hata uso haukunji. Nimekosea?

Hilo la kutouma ndilo ugonjwa wenyewe. Mishipa ya fahamu ya miguu imekufa ganzi kwa kisukari. Wewe na mimi tukiwa na kidonda hapo tungechechemea bila kuambiwa na mtu, na kwa kuchechemea tungekipa nafasi. Yeye anakanyaga sawasawa, tena kwa uzito wote, na sugu inazidi kukibonyeza kwa ndani.

Kuna utafiti wa Pisa, Italia, wa mwaka 2003, ambao ningependa shemeji ausome wote. Walichukua wagonjwa wenye vidonda vya namna hii, wakawagawa. Kundi moja walikatwa kipande cha kidonda kikapimwa kwenye hadubini mara moja. Kundi la pili walifungwa kwanza P.O.P, lile hogo la plasta ngumu, lililotengenezwa kufuata umbo la mguu na unyayo wote, wakakaa nalo siku 20, ndipo wakakatwa kipande. Kundi la kwanza: seli za inflamesheni zimejazana, mabaki ya seli zilizokufa, sugu nene. Kundi la pili: inflamesheni imepungua sana, faibroblasti nyingi, mishipa mipya ya damu. Hakuna aliyemezeshwa kidonge cha kushusha saitokini. Waliondoa kinachopiga mbiu, na makrofaji zikajua la kufanya.

Hiyo plasta ina historia ya Kihindi na ya ukoma. Miongoni mwa walioieneza ni Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyehudumia wenye ukoma Vellore, India, kabla ya kuhamia Carville, Louisiana. Aliona miguu yenye ganzi ya ukoma inaoza kwa kukanyagwa, si kwa vijidudu vya ukoma kula nyama kama watu walivyoamini. Wenye kisukari wakaazima elimu hiyo.

Nimeandika sana, mjukuu anataka simu. Suala la dada yako nitalirudia.

Mtu wa Maabara (Eldoret)

Mama Gozi, heshima yako. Niongeze kidogo upande wa dawa, kwa sababu najua swali litakalofuata: kama TNF imezidi, si tuizime hiyo peke yake, tuache steroidi inayozima kila kitu?

Dawa za namna hiyo zipo. Mwaka 1992 pale London, hospitali ya Charing Cross, Ravinder Maini na Marc Feldmann waliwapa wagonjwa wa baridi yabisi ya viungo kingamwili inayokamata TNF. Leo tunaijua kama infliximab. Watu waliokuwa hawawezi kufunga vifungo vya shati walipata nafuu kubwa. Kwenye ugonjwa ule mbiu inalia ndani ya viungo bila kidonda, bila bakteria, bila sababu ya kuilalamikia, na hapo kuinyamazisha kuna maana.

Lakini mwaka 2001 ikatoka ripoti ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuanzishiwa infliximab, wengi wao ndani ya miezi michache, na kwa wengi TB ilikuwa nje ya mapafu. Ni kwamba TNF ndiyo inayoshikilia ule ukuta wa seli ambao mwili hujenga kuwazunguka bakteria wa TB waliolala. Ukiiondoa, ukuta unabomoka. Huku kwetu, ambako watu wengi tu wana TB iliyolala bila kujua, hakuna daktari makini atakayempa mzee dawa hiyo kwa ajili ya kidonda cha mguu, tena chenye bakteria. Kabla ya kuandikiwa hata kwa baridi yabisi hupimwa TB kwanza.

Jambo la pili ni la kufurahisha kidogo. Mwaka 1993 kule Harvard, Hotamisligil na wenzake walikuta tishu za mafuta za panya wanene zinatoa TNF, na kwamba hiyo TNF inafanya insulini isisikilizwe. Kwa hiyo wengine kati yetu wenye vitambi tayari tuna hiyo sauti ya chini inayolia mchana na usiku, kabla hata ya kukatwa na chupa.

Bint Sharif, Mombasa

Mimi bibi yangu alitibu vidonda kwa asali na majani ya mwarobaini. Na hiyo inflamesheni, manjano kwenye maziwa ya moto kila usiku, mtaniambia. Madaktari wamefundishwa kudharau vya nyumbani.

Mtu wa Maabara (Eldoret)

Bint Sharif, manjano naipenda kwenye pilau ya kuku na sitaidharau. Kwenye sahani ya maabara ni kweli ile kurkumini iliyomo kwenye manjano hupunguza TNF. Tatizo ni kwamba ukiinywa, tumbo linaipitisha na ini linaivunja, kinachofika kwenye damu ni kidogo mno, sembuse kufika chini ya unyayo wenye mishipa ya damu iliyobana. Mzee akinywa maziwa yake ya manjano hataumia, mradi hayana sukari.

Mama Gozi

Asali sina ugomvi nayo, binti yangu. Nimeiona ikitumika wodini na kwenye vidonda vya moto inasaidia. Papai bichi pia tumelitumia, lina kimeng'enya kinacholegeza tishu iliyokufa. Nilicho na ugomvi nacho ni kukanyagia. Umpake mzee asali ya Tabora, kisha atembee mpaka sokoni na kandambili, umepoteza asali.

Na jamani, kapsuli za rangi mbili kufunguliwa na unga wake kumwagiwa kwenye kidonda. Hilo likome. Unaganda unakuwa tope gumu, chini yake bakteria wanastarehe, na anayesafisha kesho yake anabandua tope pamoja na nyama changa.

Sasa FundiPancha, dada yako.

Ule ujumbe wa TGF-beta niliosema makrofaji hutoa baada ya kugeuka, huo ndio unaoamuru faibroblasti zishone kolajeni. Kwa kawaida ukishatimiza kazi hupungua, faibroblasti nyingi hufa, na kolajeni iliyoshonwa haraka haraka hubadilishwa taratibu na ile imara. Kazi hiyo huchukua miezi. Ndiyo maana kovu jipya ni jekundu na limenyanyuka, la mwaka jana limelala na kupauka. Na hata likikomaa vipi, kovu haliwi na nguvu ya ngozi ya kwanza; hufika takriban asilimia 80 basi.

Kwa dada yako amri ya kushona haikupungua. Kovu la namna hiyo huitwa keloidi. Faibroblasti za keloidi husikia TGF-beta kupita kiasi na zenyewe huendelea kuitoa, kwa hiyo zinajiamuru. Ndiyo maana keloidi inavuka mpaka wa tundu la hereni na kupanda kwenye ngozi ambayo haikuguswa. Watu wenye ngozi nyeusi hupata zaidi, na huenda kwa familia. Mabega, kifua, taya na ndewe ndiyo makazi yake. Kwenye unyayo huioni karibu kamwe, kwa hiyo usitegemee baba atarithi kwa binti.

Kwa hiyo damu moja, lakini wamekwama vituo tofauti. Baba amekwama mwanzo, kwenye TNF. Binti amepita hapo salama, akakwama mwisho, kwenye TGF-beta.

Na sasa utacheka. Dawa ya kwanza ambayo daktari wa ngozi atampa dada yako ni steroidi. Anachomwa triamcinolone ndani ya donge lenyewe, kwa vipindi vya wiki kadhaa, na donge hulainika na kushuka, kwa sababu steroidi hupunguza TGF-beta na kuzifanya faibroblasti ziache kushona. Ndugu wa karibu kabisa wa kidonge kilichompa baba sukari ya 17. Kwa binti tunataka faibroblasti zipumzike. Kwa baba tunaziomba kwa machozi zije kazini, na mama kamnunulia dawa ya kuzipumzisha. Mwambie tu dada asikubali kukatwa donge bila kupangiwa sindano za baadaye, maana keloidi ikikatwa peke yake mara nyingi hurudi, na hurudi kubwa zaidi.

Waingereza fulani wa Manchester walijaribu njia nyingine. Waliona kijusi tumboni akikatwa ngozi mapema hapati kovu, na kwamba kwake aina ya TGF-beta inayotawala ni ya tatu, si ya kwanza. Wakatengeneza hiyo ya tatu kama sindano, ikaitwa avotermin, majaribio ya mwanzo yakapendeza. Jaribio la mwisho, mwaka 2011, likashindwa. Ujumbe mmoja ukiupeleka peke yake kwenye mkutano wa ujumbe mia, nani atakusikiliza?

FundiPancha_Moro

Mama, shikamoo kwanza, nilisahau jana. Umekieleza kidonda kama umekifungua wewe. Sugu ipo, mfuko upo, maji ya njano yapo.

Tumeenda asubuhi. Vidonge vimesimamishwa, insulini imebadilishwa dozi. Daktari alichukua kichuma chembamba akakiingiza kwenye kidonda taratibu, akasema "hakijagusa mfupa", akafurahi. Kisha akapapasa juu ya mguu akasema mapigo yapo. Hakutueleza zaidi, foleni ilikuwa ndefu. Hiyo plasta akasema kwao haipo, akaandika buti la kuvaa na kuvua. Mzee ameshaanza kulalamika kwamba buti linamwaibisha. Buti si ni sawasawa na plasta?

Mama Gozi

Marahaba mwanangu. Huyo daktari wako ni mzuri, mshukuruni. Kile kichuma kikigusa mfupa unasikia kabisa mkononi, kinagota, na ukisikia hivyo unawaza maambukizi ya mfupa, picha ya eksirei na antibiotiki ya wiki nyingi. Hakikugota, mmeepuka mengi. Na mapigo yakiwepo maana yake damu inafika. Mguu usio na mapigo haufungwi plasta hata kidogo. Huo unaanzia kwa daktari wa mishipa ya damu, kwa sababu saitokini zote na seli zote husafiri kwa damu, zisipofika hakuna cha kugeuka wala cha kushona.

Buti. Lenyewe kama kifaa linapunguza mzigo karibu sawa na plasta. Tofauti iko kwenye neno "kuvua". Kwenye jaribio moja la Marekani la mwaka 2001, baada ya wiki 12 waliofungwa plasta waliofunga kidonda walikuwa karibu 90 kwa mia. Wa buti la kuvua, 65. Wakashangaa, iweje? Baadaye wakaficha kifaa cha kuhesabu hatua ndani ya buti na kingine kiunoni, wakalinganisha. Watu walikuwa wamevaa buti kwa asilimia 28 tu ya hatua zao za siku. Nyumbani wanavua, chooni wanavua, wakiswali wanavua. Na hapo nyumbani ndipo mtu hutembea zaidi. Kila safari ya chooni bila buti, mbiu inalia tena.

Kwa hiyo muulize daktari kama inawezekana buti likazungushiwa bandeji ya plasta au mkanda lisivulike mpaka siku ya kusafishwa. Imefanyiwa utafiti, matokeo yake ni karibu na plasta yenyewe. Kuhusu swala, mzee aongee na imamu wake. Kupangusa juu ya bandeji na kuswali ameketi kwenye kiti kwa mgonjwa ni mambo yanayojulikana, wala asione ni jambo la aibu. Nimeona wazee wengi wakikubali buti kwa sauti ya imamu baada ya kunikatalia mimi mwaka mzima.

Kingine, sugu. Inatakiwa ikwanguliwe kwa wembe wa hospitali kila anapoenda, mpaka ukingo utoe damu mpya kidogo. Usiogope damu hiyo. Ile tishu iliyokwama kwenye inflamesheni inaondolewa, na kidonda kinaanzishwa upya kana kwamba kimetokea leo, safari hii sukari ikiwa chini na mguu haukanyagi. Wasimkwangulie nyumbani, tafadhali. Najua una visu vizuri vya kukatia mipira.

Na ukitaka kujua kama tunasonga, usiangalie rangi wala usimuulize mzee. Chukua karatasi ya nailoni safi, iweke juu ya kidonda baada ya kusafishwa, chora ukingo kwa kalamu ya wino mzito, andika tarehe. Baada ya wiki nne chora tena. Kikiwa kimepungua nusu ya ukubwa au zaidi, endeleeni hivyohivyo. Kisipofika nusu, kuna kitu kinakishikilia bado: mfupa, damu, sukari, au buti linalala chini ya kitanda. Hapo rudini na zile nailoni mbili, daktari ataelewa bila maelezo marefu.

Harufu ikibadilika ghafla, wekundu ukipanda kuelekea kwenye kifundo, kidole kikawa cheusi, au mzee akatetemeka homa, usingoje siku ya kliniki. Siku hiyohiyo.

Bint Sharif, Mombasa

Nimesoma yote. Mama Gozi, hiyo plasta huku pwani inapatikana wapi? Mjomba wangu ana kidonda kisigino.

Mama Gozi

Kisigino ni habari nyingine, binti. Kisigino mara nyingi huwa ni damu haifiki, au ni kulala muda mrefu, kwa hiyo apapaswe mapigo kwanza kabla hujatafuta plasta. Ulizia kliniki ya miguu ya kisukari kwenye hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu nawe. Hata hapa Tanzania si kila hospitali inayo, ingawa mafunzo ya miguu ya kisukari ya mradi wa Step by Step yalianzia huku kwetu na India, daktari na muuguzi wakifundishwa kwa jozi, kwa sababu walijua daktari ataandika na muuguzi ndiye atakayefunga.

FundiPancha, mtakaporudi kliniki mpeleke mzee na viatu vyake vyote kwenye mfuko, hata kandambili, hata vile vya sikukuu. Daktari aingize mkono ndani ya kila kimoja na kugeuza soli. Kidonda kikishafunga, wagonjwa kama 40 kwa mia hupata kingine ndani ya mwaka mmoja, na kiatu kilichokisababisha cha kwanza bado kiko mlangoni.